Hatari Imepungua

Saa nne na robo asubuhi, mwanamke wa chumba cha tatu alijibu "hapana" kwa mara ya tano mfululizo, na mshauri aliyekuwa akimhoji akatabasamu.

Nilikuwa nimekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, nikiwa na ruhusa ya kusikiliza na katazo la kusema. Chumba cha mahojiano kilikuwa zamani stoo ya jikoni. Rafu za saruji zilibaki ukutani, ila mahali pa unga na mafuta sasa palikaa mafaili, boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na wanasesere wawili wa kitambaa waliochakaa kwa kukumbatiwa. Dirisha lilitazama ukuta wa ua. Ukuta ulikuwa mrefu kiasi kwamba jua liliingia mle ndani kwa muda mfupi tu, likagusa meza, likaondoka.

"Katika miezi mitatu iliyopita," mshauri alisoma, "kuna mtu yeyote aliyekupiga, aliyekusukuma au aliyekuumiza mwilini?"

"Nani anipige humu ndani, dada? Paka?" Mwanamke alicheka kwa pua. "Hapana. Andika hapana."

Mshauri aliandika. Alikuwa binti mwangalifu, hati yake imenyooka kama ya mwalimu wa chekechea, na alipofika mwisho wa ukurasa alijumlisha alama kwa ncha ya kalamu, midomo ikitembea bila sauti. Kisha akamgeuzia karatasi ili naye aone.

"Hongera, dada yangu. Ulipoingia ulikuwa na ishirini na sita. Leo una saba. Chini ya kumi tunasema hatari imepungua. Ijumaa ya wiki ijayo unahitimu."

Mwanamke aliacha kucheka. "Nahitimu naenda wapi?"

Mshauri alimweleza kwa upole yaliyofuata: msaada wa kodi ya chumba kwa kipindi kifupi, jiko, godoro, orodha ya mitaa yenye vyumba vya bei nafuu. Niliiomba orodha ile baadaye. Mitaa yote ilikuwa imeizunguka stendi kuu ya mabasi, kwa sababu huko ndiko wageni hupangishiwa bila maswali. Na stendi ndiko alikokuwa mtu aliyemfanya mwanamke huyu aingie kwenye nyumba hii.

Kazi yangu ilikuwa kutathmini. Shirika lilikuwa na mradi wa ulinzi wa wakimbizi na wahamiaji, na moyo wa mradi ule ulikuwa nyumba hii ya hifadhi: wanawake waliokimbia nchi zao, kisha wakalazimika kumkimbia mtu kule walikokimbilia. Wafadhili walitaka kujua kama inafanya kazi. Nilipewa wiki tatu, meza kwenye kona ya sebule, na mwongozo wa maadili uliosema kwamba mtathmini haingilii uendeshaji wa mradi kwa namna yoyote. Nilikubaliana na kifungu hicho. Nimekifundisha darasani. Ukishaingiza mkono kwenye kitu unachokipima, hujui tena umepima kitu au umepima mkono wako.

Ndani ya nyumba hakuna aliyeniita mtathmini. Waliniita Mkaguzi, na nilipowasahihisha waliitikia vizuri, kisha wakaendelea na Mkaguzi. Mlezi wa nyumba, mama wa makamo aliyeitwa Mama Funguo kwa sababu zilimlia kiunoni kila alipopita, alinipeleka stoo siku ya kwanza na kufungua kila gunia bila kuombwa.

"Hesabu, mwanangu," alisema. "Usije ukasema nimekula sabuni."

Mwanamke wa chumba cha tatu walimwita kwa kazi yake: Msusi. Kila kichwa ndani ya nyumba ile kilikuwa cha mkono wake, kuanzia watoto hadi Mama Funguo mwenyewe, na wanawake walisema kwamba ukimwona mtu mjini kasukwa mistari midogo isiyoachia hata baada ya mwezi, muulize alilala nyumba gani. Alivushwa mpaka na wakala aliyemwahidi kiti kwenye saluni. Saluni haikuwepo. Ilikuwepo nyumba iliyofungwa kwa nje, wanawake wengine, na mtoto wake wa kike aliyetumiwa kama kamba: mama hakimbii kama mtoto yuko chumba kingine. Alikimbia siku mlinzi alipolewa, mtoto mgongoni, akaenda polisi moja kwa moja. Wenzake walikataa kutoa ushahidi. Yeye alitoa. Wakala alikamatwa, akapata dhamana, akarudi kwenye biashara yake ya halali, ambayo ilikuwa kukata tiketi za mabasi.

Kesi ilikuwa bado inaahirishwa. Shahidi alikuwa mmoja.

Dodoso la hatari lilikuwa na maswali ishirini. Mchana ule niliyasoma yote, nikayarudia. Yaliuliza kama ametishiwa, amefuatwa, amepigiwa simu, ameumizwa, amezuiwa kutoka, ameshindwa kulala. Yote yalianza na miezi mitatu iliyopita. Hakuna hata moja lililouliza wakala yuko wapi.

Aliyenisaidia kuona ukubwa wa jambo hili hakukusudia kunisaidia. Ratiba yangu alasiri ilikuwa mahojiano na mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuvuka ua, ambaye wenzake walimwita Profesa. Nilidhani ni kwa sababu ya miwani. Nikamuuliza, kama dodoso langu lilivyonitaka, aliingia hapa lini.

"Mara ya kwanza au ya pili?"

Nilishusha kalamu.

"Mimi nimehitimu hapa mwaka jana," alisema. "Nikapewa cheti, soda na keki. Meneja akanishika mkono, tukapigwa picha. Baada ya wiki mbili yule bwana akanipata, akanivunja taya, nikarudi. Sasa hivi alama zangu zinashuka tena, nahitimu mwezi ujao. Nikirudi mara ya tatu, jamani, si mtanipa tu udaktari?"

Alicheka hadi miwani ikatoka. Taya lake lilipofunguka lilikwenda upande mmoja kwanza, kisha likajirekebisha. Katika takwimu za mradi, alipohitimu alihesabiwa kama mafanikio. Aliporudi alihesabiwa kama mnufaika mpya. Mwanamke mmoja, taya moja, namba mbili nzuri.

Jioni nilimpigia dada yangu. Ni muuguzi wa wodi ya wanaume, amenitangulia miaka sita, na tangu utotoni hajawahi kuniachia nimalize sentensi ndefu. Nilimweleza kuhusu dodoso, kizingiti cha alama kumi, miezi mitatu.

"Ngoja," alisema. "Mnampa mgonjwa dawa ya homa, homa inashuka, mnampima, mnasema amepona, mnamnyang'anya dawa?"

"Ndiyo."

"Na wewe unalipwa kuuliza kama hiyo ni sahihi?"

"Ndiyo."

"We mtoto, kazi zenu nzuri," alisema, na nikasikia mtu akimwita wodini, akakata.

Meneja alinipokea asubuhi iliyofuata akiwa amesimama, akanipa kiti kizuri, yeye akakaa kwenye kibovu. Alikuwa mtu wa haki. Nasema hivyo kwa sababu wengi waliosoma ripoti yangu baadaye walimfikiria vingine. Alilelewa kwenye kambi ya wakimbizi tangu akiwa mdogo. Alinitajia hilo mara moja, nilipomuuliza alisomea wapi, na hakulitumia hata siku moja kama hoja. Alinisikiliza bila kutazama simu. Kisha akanijibu kwa utaratibu. Dodoso halikuwa lao. Lilitoka makao makuu, lilijaribiwa, lilitumika katika nyumba za nchi nyingi. Kila nyumba ikianza kubadili maswali, hakuna namba itakayolinganishwa na nyingine.

Hoja ile niliijua. Wanafunzi wangu wameshawahi kuijibia mtihani.

Nikamwambia kwamba kipimo chake kinapima ukuta, hakimpimi mwanamke. Akasema inawezekana. Akainuka, akaniita dirishani, akanionyesha geti. Kituo cha polisi cha jirani kilikuwa kimempigia simu tena: wanawake wawili, mmoja ana kichanga, walikuwa wanalala kwenye benchi la mapokezi tangu Jumapili. Vitanda vya nyumba vilikuwa vimejaa.

"Nikimbakiza huyu, nani nimwache kwenye benchi?"

"Mchukue mwenye hatari kubwa zaidi."

"Nitamjuaje?" aliuliza, na hakuwa anafanya mzaha. "Bila kipimo?"

Ijumaa ilikuwa karibu mno. Nilikuwa na jibu la miezi sita: dodoso jipya, majaribio, marekebisho. Aliniomba niliweke kwenye ripoti. Alisema atalisoma kwa makini, na najua alilisoma.

Niliandikia makao makuu siku hiyohiyo. Ofisa anayehusika na vipimo alikuwa likizo, na barua pepe yake ya kujijibu yenyewe ilinishukuru kwa subira yangu. Naibu wake alisema suala la kipimo ni la ofisa. Kitengo cha tathmini kilisema suala la usalama wa mtu mmoja ni la kitengo cha ulinzi. Kitengo cha ulinzi kilisema kwamba maadamu tathmini inaendelea, kutoa maelekezo kungekuwa kuingilia uhuru wa mtathmini. Nilipigwa danadana na watu wenye adabu sana. Kila barua ilianza kwa kunitakia afya njema, na kila moja, ikisomwa peke yake, ilikuwa sahihi.

Nikampigia kiongozi wa timu yetu, mtu mzima aliyetathmini miradi tangu enzi za mashine za kuchapa, ambaye sote tulimwita Mzee. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nisiguse kitu. Sisi tunapima, hatutibu. Niandike kwenye ripoti.

"Ripoti inatoka baada ya miezi minne, Mzee. Yeye anatoka Ijumaa."

"Basi iandike vizuri," alisema.

Jumatatu mshauri alinifuata uani nilikokuwa nimesimama nikitafuta mtandao. Alizungumza akiwa ametazama kamba ya nguo, kama mtu anayehesabu vibanio. Alisema yeye mwenyewe ameona tatizo tangu mwaka jana, tangu Profesa. Alisema kuna njia, ingawa si nzuri: kuna mabinti wanaoelewa haraka, ukiwauliza swali mara ya pili kwa sauti tofauti kidogo, wanabadilisha jibu. Hakuna anayefundishwa kusema uongo. Ni sauti tu. Na huyu Msusi ameshamuuliza mara ya pili, na mara ya tatu.

"Anasemaje?"

"Njoo umsikie mwenyewe."

Msusi alikuwa barazani, Profesa ameketi chini mbele yake, kichwa kimebanwa katikati ya magoti. Mtoto alikuwa anawapokeza nyuzi za nywele za bandia, moja moja, kwa uzito wa karani. Vidole vya Msusi vilikuwa vinakwenda bila yeye kuvitazama. Vilitenganisha, vikapishana, vikakaza, na mstari ukatokea nyuma yao kama ulikuwepo siku zote chini ya ngozi.

"Sema ndiyo tu, shoga," Profesa alisema kutoka kule chini. "Mara moja. Ndiyo haiumi."

"Tulia wewe, nitakukosea."

"Amenikosea Mungu aliyenipa kichwa kikubwa, sembuse wewe."

Msusi hakucheka. Alimtuma mtoto ndani akalete kitana, na mtoto alipoondoka akanieleza. Mahakamani, wakili wa wakala alimuuliza swali moja kwa siku nzima, kwa maneno tofauti: amesema uongo mara ngapi katika maisha yake ili apate karatasi? Alimuuliza kuhusu umri wake, jina la baba yake, mpaka aliovuka. Kila mara alijibu, hata sijawahi. Na ilikuwa kweli. Kitu pekee alichokuwa nacho katika chumba kile, mbele ya watu waliovaa suti, ni kwamba ilikuwa kweli.

"Nikisema uongo hapa, wakili ataukuta," alisema. "Ataushika mbele ya hakimu, atasema, mnaona? Kama amesema uongo kwa wanaomlisha, kwetu atashindwaje? Kesi itakufa hapo hapo. Na wale wenzangu bado wako ndani ya ile nyumba."

Nililichunguza jambo hilo baadaye na mwanasheria wa shirika. Msusi alikuwa sahihi. Mahakama ingeweza kuagiza mafaili ya mradi.

Alifunga mwisho wa mstari, akaanza mwingine. Kisha akamuuliza mshauri, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Akitokea mtu akanitisha kesho, kweli kabisa, inahesabika?"

Mshauri alikuwa mtu wa utaratibu. Hakukisia. Aliingia ndani, akarudi na mwongozo, akatafuta ukurasa.

"Likitokea tukio jipya, kipimo kinarudiwa ndani ya siku moja. Alama za zamani hazihesabiki."

"Hata kama imebaki siku moja nihitimu?"

"Hata ikibaki saa moja."

"Sawa," Msusi alisema. Akamgeuza Profesa kichwa upande wa pili, akaendelea.

Siku ya Alhamisi, baada ya chai ya asubuhi, aliomba ruhusa ya kutoka. Sababu aliyoitoa ilikuwa nywele za bandia: wahitimu wote wa kesho yake walitaka kusukwa, na zilizokuwepo hazikutosha. Wakazi waliruhusiwa kutoka mchana. Haikuwa gereza, na Meneja alilisisitiza jambo hilo kwa kila mgeni. Alimwachia Profesa mtoto. Mama Funguo alimfungulia, akamwambia aangalie asiuziwe zile zinazonuka moshi. Mimi nilikuwa kwenye kona yangu ya sebule, nikijumlisha. Nilimwona akipita mbele ya dirisha. Alikuwa amejifunga kitambaa cha kichwani chenye rangi kali, cha kuonekana kwa mbali, na nilifikiri, kama nilifikiri chochote, kwamba kilimpendeza.

Yaliyofuata nimeyapata sehemu tatu: maelezo yake polisi, maelezo ya muuza maji aliyekuwa karibu, na yale aliyoniambia mwenyewe. Hayapingani.

Hakwenda dukani. Alikwenda stendi kuu. Alisimama mbele ya dirisha la tiketi la kampuni ya wakala, akauliza nauli ya mji ambao hakuwa na nia ya kwenda. Mkata tiketi alimtazama, akamtajia nauli, akainua simu. Msusi akasogea pembeni, penye kivuli cha bango, mahali ambapo angeweza kuonekana na kila mtu. Akasubiri. Neno hilo limo katika maelezo yake: "nikasubiri." Askari aliyeyaandika alilipigia mstari chini, nadhani kwa sababu hakulielewa.

Walikuja wanaume wawili. Wakala hakuja mwenyewe. Dhamana yake ilimkataza kumkaribia shahidi, na alikuwa mtu wa kufuata sheria za namna hiyo. Walimwongoza nyuma ya mabasi yaliyoegeshwa, wakamwambia mtoto wake ana siku chache za kuishi kuliko kesi yake. Mmoja akamuuliza anafanya kazi gani siku hizi. Akasema anasuka. Yule mtu akauchukua mkono wake wa kulia kama anayetaka kuutazama, akashika vidole viwili vya kati, akavikunja kwa nyuma.

Muuza maji alipiga kelele. Wale wanaume waliondoka wakitembea. Hakuna aliyekimbia, hata Msusi.

Alirudi kabla ya chakula cha mchana. Mama Funguo, ambaye alikuwa na neno kwa kila anayepita getini, alifungua akazibana funguo zake zisilie. Mtoto alitoka mbio akasimama ghafla hatua chache mbele ya mama yake, akiutazama mkono, na Profesa akamkamata kwa nyuma akamfunika uso kwa kanga yake. Mshauri alitoka chumba cha mahojiano. Msusi alimtazama yeye, si mwingine.

"Tukio jipya limetokea," alisema.

Mshauri alianza kulia. Alikuwa amefunzwa kutolia mbele ya wakazi, na alijitahidi; aligeukia ukutani. Msusi akamwambia ajikaze, kwanza polisi, halafu hospitali, halafu karatasi, na akamwomba aangalie saa vizuri ili aandike muda sahihi. Profesa alisikika akisema kutoka barazani, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo, "Ndiyo imeuma, shoga. Ndiyo imeuma."

Daktari alimfunga vidole kwenye kibao. Alisema mifupa itaunga. Kitana angeweza kukishika. Kuhusu mistari midogo, hakutaka kumwahidi kitu.

Nimetathmini miradi mingi tangu wakati huo, na nimesimulia jambo hili katika warsha mbili kama mfano wa kasoro ya usanifu. Washiriki huandika. Ripoti yangu ilitoka kwa wakati. Pendekezo la kwanza lilikuwa la mistari minne: kipimo kisimuulize mtu aliye ndani ya ukuta kama ameumizwa, kiulize aliyemuumiza yuko wapi, yuko huru, na anajua nini. Nililiandika vizuri, kama nilivyoagizwa. Makao makuu yalijibu baada ya miezi kadhaa kwa jedwali, kila pendekezo na jibu lake. La kwanza lilikuwa limekubaliwa kwa sehemu. Maneno "miezi mitatu iliyopita" yalibadilishwa yakawa "miezi sita iliyopita". Hilo ndilo badiliko lililofanyika. Nilipoomba maelezo, nilishukuriwa kwa mchango wangu.

Msusi hakujua lolote kuhusu jedwali hilo. Siku ya Ijumaa, aliyotakiwa kuhitimu, alikuwa amekaa tena kwenye ile stoo ya zamani, mkono umetundikwa shingoni kwa kitambaa. Sebuleni baluni zilikuwa zimeshatundikwa. Wahitimu wengine wawili walikaa kwenye makochi na nywele walizojichania wenyewe, vyeti magotini, wakinywa soda polepole. Nilichukua kiti changu cha plastiki. Sheria ilikuwa ileile: nisikilize, nisiseme.

"Katika miezi mitatu iliyopita," mshauri alisoma, "kuna mtu yeyote aliyekutishia, wewe au mtoto wako?"

"Ndiyo."

"Aliyekufuata, au kukuzuia njiani?"

"Ndiyo."

"Aliyekupiga, aliyekusukuma, au aliyekuumiza mwilini?"

Msusi aliuinua mkono kidogo kutoka kwenye kitambaa. Mshauri akasema, samahani, lazima litamkwe.

"Ndiyo."

Waliendelea hadi swali la ishirini. Hakuongeza chumvi hata mahali pamoja. Alipoulizwa kama amezuiwa kutoka nyumbani alisema hapana. Alipoulizwa kama amepigiwa simu za vitisho alisema hapana, hana simu. Mshauri alijumlisha, akarudia kujumlisha. Zilikuwa thelathini na moja, nyingi kuliko alizoingia nazo.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni, koti la sherehe mabegani. Alikuja kusikia matokeo kabla ya kwenda kugawa vyeti. Mshauri alimwonyesha namba. Nilimwona akishusha pumzi. Alikuwa amelala vibaya, na alikuwa amefurahi kwa dhati kwamba mwanamke huyu atabaki na kitanda chake.

"Unaona, Mkaguzi?" aliniambia. "Chombo kimefanya kazi."

Nilivunja katazo. Nilimuuliza kama anajua vidole vile vilikuwa vya kazi gani. Alisema anajua, barua ya hospitali, ili atibiwe bila malipo, aliiandika yeye. Kisha akanisubiri niseme jingine, na mimi nikaangalia rafu za saruji, nikatafuta sentensi moja ambayo ingekuwa kweli na ingekuwa na faida. Akaenda sebuleni. Tukasikia makofi, ya mikono michache.

Mshauri alivuta kalenda ya mezani, akafunua kurasa, akataja tarehe ya kipimo kijacho: miezi mitatu mbele. Msusi aliomba aandikiwe. Mshauri akachana kipande cha karatasi, akaandika kwa ile hati yake iliyonyooka, akampa. Msusi alikipokea kwa mkono wa kushoto, akakisoma.

"Hii itakuwa siku gani?"

Mshauri alirudi kwenye kalenda.

"Jumanne," alisema.

"Kwa hiyo siku moja kabla ni Jumatatu," Msusi alisema. Alikunja karatasi kwa kuibana mezani na kiganja, akaitia mfukoni, akaenda kumchukua mtoto kwa Profesa.